Taka Ina Mwenyewe

Mvua ni ya Mungu, na hakuna serikali duniani iwezayo kuiandikia cheti cha kunyesha. Kwa neno hili watu wengi hudhani wamemaliza hoja yote. Husikia kwamba ziko nchi ambamo mwenye kiwanda, mwenye kujenga jumba kubwa, hata halmashauri ya mji, hulazimika kupata kibali cha serikali kwa ajili ya maji ya mvua yatokayo kwake kwenda mtoni. Basi hucheka, wakasema, "Sasa imebaki hewa tu kutozwa leseni." Msomaji, kicheko hicho ndicho ninachotaka kukipinga katika insha hii. Nasema kwamba kibali hicho si mzaha, wala si kodi ya mvua, wala si hila ya makarani ya kuongeza karatasi. Ni chombo cha haki, kwa sababu humtafuta mtu ambaye sheria nyingi humwacha apite gizani, yaani mwenye taka. Mvua haina mwenyewe, lakini taka inaye.

Tuanze na mvua yenyewe. Inyeshapo juu ya msitu au shamba lenye majani, ardhi huinywa. Majani huvunja kishindo cha matone, mizizi huushika udongo, na maji hushuka chini polepole mpaka yakafika kwenye chemchemi. Sasa ikate miti hiyo, simika mapaa ya mabati, mwaga saruji, tandaza lami. Ardhi imefungwa kinywa. Maji yale yale yaliyokuwa yakinywewa hayana pa kwenda ila kukimbia juu, na katika kukimbia kwake huokota kila kitu alichoacha binadamu: mafuta yaliyodondoka kwenye vituo vya magari, vumbi la breki na la tairi, mbolea ya bustani, dawa za kuua wadudu, kinyesi cha wanyama, mifuko, na tope la viwanja vya ujenzi. Mtaro haubagui, huvipokea vyote na kuvitia mtoni. Maji ya chooni, mji ukiwa na mpango mwema, hupelekwa penye mitambo ya kuyasafisha. Lakini mitaro mingi ya mvua humwaga moja kwa moja mtoni au baharini, wala hakuna mkono unaoyagusa maji hayo njiani.

Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu wakinge maji ya barabarani katika chupa mbili. Ya kwanza waikinge katika dakika za mwanzo za mvua iliyokuja baada ya kiangazi kirefu, na ya pili mvua ikiisha kunyesha saa nzima. Chupa ya kwanza ilikuwa nyeusi kama chai iliyochemshwa mara mbili, na juu yake utando wa mafuta ukimetameta. Ya pili ilikuwa na tope jepesi tu. Mvua ilikuwa moja, na barabara ilikuwa moja. Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kama uchafu huu ulikuwapo barabarani kabla ya mvua, basi ni wa nani?" Sijapata kusikia swali bora kuliko hilo katika jambo hili, na wazee wengi wenye vyeo wangefaidika kama wangeliuliza.

Ili uone jinsi swali hilo liwezavyo kujibiwa kwa sheria, na jinsi watu wanavyolikwepa, nakuomba unifuate kwanza hadi Marekani. Sikupeleki huko kwa kudhani kwamba kila chema hutoka ng'ambo. Nakupeleka kwa sababu nchi hiyo imebishana juu ya maji ya mvua bungeni na mahakamani kwa muda wa miaka 50 na zaidi, na mabishano hayo yameandikwa. Mwenye busara hutazama kovu la jirani kabla hajajikata mwenyewe.

Mwezi wa Juni mwaka 1969 mto Cuyahoga, upitao katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, ulishika moto. Usidhani nasema kwa mafumbo. Mafuta na takataka zilizoelea juu ya maji ziliwaka, wala haikuwa mara ya kwanza. Aibu hiyo, pamoja na nyingine nyingi, iliwaamsha watu. Mwaka 1970 serikali ikaunda Shirika la Kulinda Mazingira, na tarehe 18 Oktoba 1972 Bunge likapitisha Sheria ya Maji Safi, ijapokuwa Rais Richard Nixon alikuwa ameipinga kwa kura yake ya turufu. Kiini cha sheria hiyo ni kifupi: ni kosa kumwaga uchafu katika maji ya nchi kutoka katika bomba, mfereji au mahali pengine maalumu, ila kwa kibali. Kabla ya hapo mlalamikaji ndiye aliyehangaika kuthibitisha kwamba mto umeharibiwa, tena umeharibiwa na fulani. Baada ya hapo mwenye kumwaga ndiye atakiwaye kuonyesha kibali chake. Mzigo ulihama kutoka bega la mwenye kudhurika hadi bega la mwenye kudhuru, na hapo ndipo penye uzito wa neno kibali.

Lakini tazama jinsi mvua inavyowapa watu visingizio. Mwaka 1973 shirika lile lile lililokabidhiwa sheria liliandika kanuni za kuisamehe mitaro mingi ya maji ya mvua isihitaji vibali. Hoja yake ilikuwa kwamba mitaro ni mingi mno, na kazi ya kuiandikia yote vibali haiwezekani. Chama cha watetezi wa mazingira kiitwacho Natural Resources Defense Council kikaenda mahakamani. Mwaka 1977 mahakama ya rufani ya Washington ikaamua kwamba shirika halina mamlaka ya kumsamehe mtu ambaye Bunge halikumsamehe, na kwamba wingi wa mitaro si udhuru, maana kibali kimoja cha jumla chaweza kuandikwa kwa ajili ya wengi wanaofanana. Ni jibu jepesi kiasi gani! Mwalimu mwenye wanafunzi 50 haachi kuwafundisha kwa sababu ni wengi. Huandika somo moja ubaoni, wote wakalisoma.

Hata hivyo miaka ikazidi kupita. Mwaka 1983 ulitolewa uchunguzi mkubwa juu ya maji ya mvua ya mijini, uliofanywa sehemu nyingi za nchi, ukaonyesha kwamba maji hayo hubeba madini ya risasi, shaba na zinki. Mwaka 1987 Bunge likaibadili sheria na kuweka ratiba ya kutoa vibali kwa awamu. Mwaka 1990 zikatoka kanuni za awamu ya kwanza, zikaihusu miji yenye watu 100,000 au zaidi, viwanda vya namna nyingi, na viwanja vya ujenzi vya ekari 5 na kuendelea. Mwaka 1999 zikafuata kanuni za awamu ya pili, zikaingiza miji midogo iliyomo katika maeneo yenye msongamano wa watu, na ujenzi wa kuanzia ekari 1. Hesabu mwenyewe, msomaji. Kutoka mwaka 1972 hadi 1990 ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku sheria ilipopitishwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima kabla mji wake haujaguswa na kanuni hizo. Kucheleweshwa huko hakukuletwa na upungufu wa elimu. Kuliletwa na watu waliosema kama wasemavyo wanaocheka leo, kwamba mvua haina leseni.

Sasa tuulize: kibali hicho chasema nini? Wengi hukilaani bila kukisoma. Kwa mwenye kiwanda, chadai aandike mpango: achore ramani ya kiwanja chake, aonyeshe maji yapita wapi na kutokea wapi, ataje vitu vyenye sumu vilivyo wazi kunyeshewa, na aeleze atavifunika kwa nini na kuvikagua lini. Kwa mjenzi, chadai azuie udongo usiondoke kiwanjani: aweke vizuizi pembezoni, achimbe mabwawa ya kutuliza tope, aioteshe majani ardhi aliyoipara. Kwa mji mdogo, kanuni zadai mambo sita: kuwafundisha wananchi, kuwashirikisha katika maamuzi, kutafuta na kuziba mabomba ya siri yanayoingiza uchafu mitaroni, kusimamia viwanja vya ujenzi, kusimamia maji ya majengo baada ya ujenzi kwisha, na kusafisha kazi za mji wenyewe, kama vile karakana zake na magari yake. Je, katika hayo kuna lipi la kuchekesha? Hayo ndiyo mambo ambayo mama yeyote mwenye nyumba nadhifu huyafanya uani kwake bila kuamriwa na mtu.

Zingatia pia hili la mwisho, kwamba mji wenyewe huomba kibali. Serikali ndogo husimama mbele ya serikali kubwa kama anavyosimama mwenye gereji. Mitaro ni mali ya mji, na mwenye mfereji hawezi kusema kwamba hajui kinachopita ndani yake. Kwa jibu hilo, swali la mwanafunzi wangu limepata nusu ya jawabu. Taka za barabarani zina wenyewe wengi, lakini zikiisha kuingia mtaroni zina msimamizi mmoja, naye ana anwani, ana ofisi, na ana sahihi yake chini ya karatasi.

Nimekwisha kueleza, sasa nije kwa wapinzani, maana si haki kumshinda mtu usiyemsikiliza.

Wa kwanza husema, "Maji ya mvua ni maji tu. Tone la mafuta hapa na tone pale halimwui mtu." Huyu ameisahau methali aliyofundishwa utotoni, kwamba haba na haba hujaza kibaba. Alidhani methali hiyo yahusu akiba peke yake, kumbe yahusu sumu pia. Katika jimbo la Washington, pande za mji wa Seattle, kuna samaki aitwaye samoni wa aina ya coho. Huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Kwa miaka mingi watu waliwaona samaki hao wakifa baada ya mvua katika vijito vya mjini, matumbo yao yakiwa yangali na mayai ambayo hayajatagwa. Wanasayansi walitafuta kisa kwa muda mrefu. Mwezi wa Desemba 2020 wakatangaza kwamba wamemkamata mkosaji: ni dawa itiwayo katika mpira wa tairi ili usipasuke, ambayo ikikutana na hewa ya ozoni hugeuka kuwa sumu, na mvua huiosha kutoka barabarani. Hapakuwa na kiwanda kilichomwaga pipa usiku. Yalikuwa magari ya watu wema, wakienda kazini na kanisani, yakiacha vumbi la tairi kidogo kidogo. Aidha, wataalamu walikuwa wamekwisha kuonyesha, hata kabla ya kuijua sumu hiyo, kwamba maji yale yale ya barabarani yakipitishwa kwanza katika tabaka la mchanga na mboji, samoni hawafi. Basi dawa si ngumu. Ni udongo ule ule tulioufunika kwa lami. Lakini ni nani atakayechimba bustani ya kuchuja maji kando ya barabara, kama hakuna karatasi inayomwamuru?

Wa pili husema, "Gharama ni kubwa, na mwananchi hawezi." Hoja hii haifai kudharauliwa, maana hutoka mara nyingine kinywani mwa maskini kweli. Lakini mara nyingi zaidi hutoka kinywani mwa tajiri aliyevaa kanzu ya maskini. Mwaka 2012 jimbo la Maryland, ambalo mito yake humwagika katika ghuba ya Chesapeake, lilipitisha sheria ya kuutaka mji wa Baltimore na wilaya tisa zitoze ada kwa ajili ya kushughulikia maji ya mvua, ili ziweze kutimiza masharti ya vibali vyao. Wapinzani wakaibandika jina la "kodi ya mvua", na jina hilo likafanya kazi kuliko hoja elfu. Mwaka 2015 lazima hiyo iliondolewa. Mzaha wa maneno mawili uliishinda sheria ya kurasa nyingi. Lakini je, gharama iliondoka kwa kuondolewa kwa lazima? Hasha! Masharti ya vibali yalibaki, na uchafu ulibaki. Gharama ya uchafu haifi, huhama tu. Asipoilipa mwenye eneo la maegesho la ekari nzima la lami, atailipa mvuvi ambaye kaa na chaza wamempungukia, na mama wa mtoni anayenunua maji ya kunywa kwa sababu ya mto hayanyweki. Swali haliwi "tulipe au tusilipe?" Swali ni "alipe nani?" Mimi nasema alipe mwenye taka, kwa kadiri ya taka yake.

Wa tatu ndiye mpinzani mwenye nguvu, nami namheshimu. Yeye husema, "Kibali ni ruhusa. Mkimpa mchafuzi kibali, mmemhalalishia uchafu. Tena karatasi haisafishi mto. Hukaa kabatini, na mkaguzi huja kunywa soda na kuondoka." Nakiri kwamba kibali kibaya ni hivyo hasa. Kibali kisichotaja hatua, kisicho na mwisho, kisichosomwa na mtu ila karani na tajiri, ni bora kisiwepo, maana huvisha dhambi joho la sheria. Lakini tiba ya kisu butu ni kukinoa, si kukitupa na kukata nyama kwa meno.

Kibali kikali kina alama nne. Kwanza, kina mwisho: katika sheria ya Marekani hakipewi muda wa kupita miaka 5, ili masharti yapate kufikiriwa upya. Pili, ni cha wazi: rasimu yake hutangazwa, na mwananchi hupewa nafasi ya kusema kabla hakijatiwa sahihi. Tatu, kina meno yasiyo ya serikali peke yake: sheria ile ya 1972 ilimruhusu raia kumshtaki mwenye kuvunja kibali ikiwa serikali imelala. Nne, chataja kazi ya kufanywa kwa maneno yanayoweza kupimwa.

Alama hii ya nne imezua mabishano hivi karibuni. Mji wa San Francisco una mabomba yanayochukua maji ya mvua pamoja na maji ya vyoo, na mvua kubwa inaponyesha mchanganyiko huo huweza kufurika ukaingia baharini. Kibali cha mji kiliuamuru, pamoja na mambo mengine, usichangie kuvunjwa kwa viwango vya usafi wa maji. Mji ukalalamika kwamba hauwezi kujua ufanye nini hasa ili uwe salama. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikubaliana na mji: shirika lisitoe amri ya matokeo peke yake, bali liseme mwenye kibali afanye nini. Majaji wanne waliopinga hawakuyakosa macho, maana mto unadhurika kwa matokeo, si kwa nia. Lakini lipo fundisho ambalo pande zote mbili hazina budi kulikubali: kuanzia sasa mwandishi wa kibali hana pa kujificha. Hawezi kuandika "muwe wasafi" akaenda zake nyumbani. Hana budi kuandika: chimbeni hapa, funikeni pale, pimeni mara kadhaa kwa mwaka, leteni hesabu. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi "fanya vizuri" hajafundisha kitu.

Hiyo ndiyo habari ya Marekani. Sasa nirudi nyumbani, maana sikukuchukua mbali hivyo ili ukastaajabu tu.

Tazama ramani ya Kenya. Mto Nairobi unapita katikati ya mji mkuu, ukipokea maji ya vijito vya Mathare na Ngong, pamoja na kila kilichooshwa katika barabara, masoko, gereji na viwanda vya pande zile. Kisha unaingia katika mto Athi. Athi unashuka ukipita nchi kavu ambako watu na mifugo hunywa, unabadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho unaingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Fundi anayemwaga oili chakavu kando ya barabara Nairobi hajamwona mvuvi wa Malindi, wala mvuvi hajamwona fundi, lakini maji yamekwisha kuwafahamisha. Na katika mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, maji yaliyoingia nyumbani kwa watu wa Mathare hayakuwa ya mvua tu. Yalikuwa maji ya mvua yaliyokwisha kupita kwa kila mtu.

Je, nchi hii haina sheria? Inazo, tena nzuri. Sheria ya usimamizi wa mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za usafi wa maji za mwaka 2006 zikaweka leseni kwa wenye kumwaga maji machafu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kifungu cha 35 champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Jedwali la Nne, katika orodha ya kazi za serikali za kaunti, lataja waziwazi usimamizi wa maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Katiba imekwisha kumtaja msimamizi wa mtaro. Hakuna anayeweza tena kusema kwamba mtaro ni yatima.

Basi nadai hivi. Kila kaunti yenye mji iwe na kibali kwa ajili ya mitaro yake ya mvua, kinachotaja mtaro hadi mtaro, kazi hadi kazi, na tarehe hadi tarehe. Kila kiwanda, gereji kubwa, soko na kiwanja cha ujenzi kiwe na chake, kiwe cha jumla kwa wanaofanana, ili asiwepo wa kulalamika kwamba ameonewa. Kibali hicho kiandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kibandikwe langoni kama inavyobandikwa leseni ya biashara dukani, na hesabu yake isomwe mbele ya watu kila mwaka. Asiyetimiza atozwe faini inayozidi faida aliyoipata kwa kutotimiza, kwa maana faini ndogo kuliko faida si adhabu, ni nauli. Na fundi mdogo wa jua kali asipewe kitabu cha masharti ya kiwanda kikubwa. Apewe pipa la kutilia oili chakavu, mahali pa kuipeleka, na mtu wa kumfundisha kabla ya mtu wa kumkamata.

Wapo watakaosema kwamba nawachosha vijana kwa mambo ya wakubwa. Sivyo. Wanafunzi wa Kenya wamezoezwa kufagia, kuokota karatasi na kupanda miti siku za sherehe, nami sina neno la kupinga kazi hizo. Lakini nachelea jambo moja: isije ikawa mtoto anaokota mfuko mmoja kwa mkono wake huku mtu mzima akimwaga malori ya tope mtoni bila kuulizwa. Kumfundisha mtoto ufagio peke yake, bila kumfundisha sheria, ni kumfanya mtumishi wa uchafu wa wengine maisha yake yote.

Kwa hiyo wewe usomaye, jifunze kuuliza. Utakapopita penye kiwanja cha ujenzi wakati wa masika ukaona tope jekundu likimiminika barabarani, usipite ukisema, "Ndiyo mvua." Fuata tope hilo kwa macho mpaka mtaroni, ufuate mtaro mpaka mtoni, kisha urudi nyuma uulize ni nani mwenye kiwanja, na kibali chake kiko wapi, na chasema nini. Ukiambiwa hakipo, uliza kwa nini. Ukiambiwa kipo, omba ukisome. Wanaweza kukufukuza mara ya kwanza, kwa kuwa u mdogo na sare yako ni ya shule. Nenda tena na wenzako, mkiandika barua yenye tarehe na sahihi, mkiishika Katiba mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, na mto ukiisha kutiwa sumu hauwezi kurudishwa mlimani ukaanza safari upya. Uliza mapema, mvua ikiwa ingali juu mawinguni.